Farasi 93 na Mlima wa Lushoto

Ukikata kona pale Mombo kuelekea Lushoto, kwenye milima ya Usambara, Tanzania, barabara inaanza kupanda hapo hapo. Ni kama kilomita 33 tu, lakini ndani yake unatoka karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi mita 1,400 hivi, kona baada ya kona, ukuta wa mawe upande huu na korongo upande ule. Kwenye moja ya kona hizo, kabla ya kufika Soni, Noah iliyojaa abiria ilinipita kama nimesimama. Ilikuwa Desemba. Nilikuwa na mke wangu, watoto wawili, magunia mawili ya mchele na mizigo ya sikukuu. Gia ya pili, mguu umefika sakafuni, sindano ya joto imeshaanza kupanda. Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mwaka 1979 aliyoniachia marehemu baba. Mwanangu wa kwanza akauliza kutoka kiti cha nyuma: "Baba, hii gari inaumwa?"

Sikumjibu. Lakini swali lile lilinikaa moyoni sikukuu nzima, na niliporudi Dar nilikuwa nimeshaamua: Pijo ya baba itaongezwa nguvu.

Vijana wa leo huenda hawajui Pijo ilikuwa nini kwetu. 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na 1969 ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya. Kwao ilikoma kuundwa miaka ya 80 mwanzoni, lakini Kenya waliendelea kuiunganisha hadi mwaka 2004 na Nigeria hadi 2006, kwa sababu barabara zetu na gari lile walielewana. Kabla yake ilikuwepo 404, ambayo Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Dar es Salaam, alishinda nayo mashindano ya magari ya Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, msomaji ramani wake akiwa Chris Rothwell. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden akashinda na 504. Baba alikuwa akisimulia mashindano hayo kama mtu anayesimulia habari za ndugu zake. Kwa hiyo mimi nilikua nikiamini kwamba ndani ya injini ile kuna simba amelala, na kazi iliyobaki ni kumwamsha.

Gereji niliyoenda sitaitaja. Walikuwa vijana wachangamfu na mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia ninachotaka, kwa hiyo lawama tunagawana. Tulikubaliana mambo matatu. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ichongwe ili mgandamizo uongezeke. Kabureta ya Solex, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, itolewe, iwekwe Weber kubwa zaidi. Bomba la ekzosi lipanuliwe na silensa ya kati iondolewe. Nililipa fedha ambazo mke wangu alizijua nusu tu. Wiki ya kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote barabara ya Morogoro. Ule mngurumo peke yake ulinifanya niamini kwamba gari limepata nguvu za farasi 30 mpya. Sasa najua kwamba sikio ni shahidi mbaya sana katika kesi ya nguvu za injini. Kelele ikiongezeka, dereva huhisi mwendo hata kama saa ya mkononi haioni tofauti yoyote.

Mwezi wa tatu nikapanda tena Lushoto. Jua kali, injini imetoka kukimbia njia nzima kutoka Chalinze, gari limejaa. Kilomita chache tu baada ya Mombo nikaanza kusikia sauti kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa. Nikaongeza mafuta nikidhani injini inataka nguvu zaidi. Kokoto zikaongezeka. Kisha moshi mweupe nyuma, mvuke mbele, injini ikaanza kumisi, na gari likafa kwenye kona yenyewe ninayoiogopa. Nilipofungua kifuniko cha mafuta, upande wake wa ndani ulikuwa na uji wa rangi ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili.

Tulivutwa hadi Korogwe kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi kwenye mashamba ya mkonge. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha gari kisicho na gari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeitoa wapi ikiwa nzima?"

Siku ya pili hedi ilikuwa chini na mzee akanikabidhi pistoni ya silinda ya tatu. Naandika haya nikiwa bado naihisi kiganjani. Upande mzima ni laini, una masizi ya kawaida. Upande mwingine, pembezoni, alumini imeliwa vishimo vidogo vidogo kama muhindi uliobunguliwa na dumuzi, na ule ukuta mwembamba unaoshikilia ringi ya juu umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha wa mtoto. Gasketi ya hedi nayo ilikuwa imeungua njia nyembamba kati ya silinda na tundu la maji. Mzee akasema, "Hizo ndizo kokoto ulizokuwa unazisikia."

Maelezo yake nilikwenda kuyahakiki baadaye kwa vitabu na kwa kikokotoo, nikakuta hakukosea mahali.

Ukichonga hedi unapunguza chumba cha moto, kwa hiyo mchanganyiko wa petroli na hewa unabanwa zaidi kabla ya plagi kupiga cheche. Kubanwa zaidi ni kupata kazi zaidi kutoka kwenye moto ule ule. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu kila fundi anayetaka kukufurahisha anaanza hapo. Ila piga hesabu ya kinachopatikana. Kwa kanuni ya injini za petroli, ukipandisha mgandamizo kwa namba moja nzima, tuseme kutoka karibu 9 kwa 1 hadi karibu 10 kwa 1, ufanisi unaongezeka asilimia 3 hivi. Injini ya 504 ya cc 1971 yenye kabureta ilitoka kiwandani na farasi takriban 93. Asilimia 3 ya 93 ni farasi watatu hata hawatimii. Ndiyo faida yote, na tena kwenye karatasi. Gharama yake sasa: hewa iliyobanwa zaidi inapata joto zaidi, na petroli inafika mahali inawaka yenyewe kwa mshindo kabla moto wa plagi haujaifikia. Ule mshindo ndio kokoto. Unaongezeka injini ikiwa na moto, ikivuta mzigo mzito kwa mizunguko michache, mguu ukiwa sakafuni. Yaani hali ile ile ya kupanda kutoka Mombo mchana wa mwezi wa tatu.

Injini hii ina jambo lingine ambalo vijana wale hawakulizingatia. Silinda za 504 hazikuchimbwa moja kwa moja kwenye bloku kama za Toyota nyingi. Ni slivu, yaani mirija ya chuma, zinazosimama ndani ya maji, zinachomekwa na kuchomolewa, na zinatakiwa zichomoze juu ya bloku kwa kiasi kidogo mno, sehemu ndogo ya milimita, ili hedi ikikazwa izibane zote nne sawasawa kupitia gasketi. Moja ikikaa chini kuliko wenzake, gasketi haina cha kushika hapo. Kwa slivu za aina hiyo pia hakuna cha kutoboa upate silinda pana zaidi, maana ukuta wake ni mwembamba na nyuma yake ni maji. Tena injini inatumia kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya pembeni, yenye vijiti vinavyosukuma roka za juu. Ukiishusha hedi kwa milimita moja, roka nazo zinashuka, vijiti vinabaki na urefu ule ule, na pembe ambayo valvu inasukumwa inabadilika. Hakuna aliyeigusa pembe ile kwenye gari langu. Walichonga, wakafunga, wakakaza.

Wapo watakaoniambia tatizo lilikuwa ufundi mbovu, kwamba kazi ikifanywa vizuri nguvu zinapatikana. Ni kweli zinapatikana. Lakini nguvu ya injini inatokana na mambo mawili tu: msokoto unaopatikana kila krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka, na idadi ya mizunguko kwa dakika. Msokoto unategemea hewa inayoingia. Injini ya lita mbili isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa, haiwezi kumeza zaidi sana ya lita mbili za hewa kila mizunguko miwili, hata uiwekee kabureta ya ukubwa gani. Kabureta kubwa kuliko mahitaji inafanya hewa ipite polepole kooni mwake, petroli haichambuliwi kuwa ukungu mzuri, na chini kwenye mizunguko 2,000, pale ninapoishi mimi nikiwa Soni, gari linakuwa zito kuliko mwanzo. Weber yangu ilikuwa na raha yake juu ya mizunguko 4,000. Kwenye kona za Usambara hufiki huko.

Basi ongeza mizunguko, utasema. Hapo ndipo hesabu iliponitisha. Kiharusi cha pistoni ya 504, yaani safari yake kutoka chini hadi juu, ni milimita 81. Kwenye mizunguko 5,200 kwa dakika, karibu na pale injini inapotoa nguvu zake zote, kila pistoni inasimama na kugeuka mara 173 kwa sekunde moja. Pale juu inapogeuka, konrodi, mkono unaoiunganisha na krankishafti, inaivuta kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 1,500. Kama pistoni na pini yake vina nusu kilo tu, ni sawa na kuning'iniza robo tatu ya tani kwenye boliti mbili za konrodi, zikakazwa na kulegezwa maelfu ya mara kila dakika. Nguvu hiyo inapanda kwa kipeo cha pili cha mizunguko. Ukitoka 5,200 kwenda 6,500 umeongeza mizunguko kwa robo, lakini boliti zile zinabeba asilimia 56 zaidi. Tani moja na ushei. Chuma chenyewe ni cha mwaka 1979 na hakuna ajuaye kimechoka kiasi gani. Na kabla hata boliti hazijalalamika, springi za valvu zinashindwa kurudisha kwa wakati msururu mzima wa tapeti, kijiti, roka na valvu.

Halafu joto. Sehemu ya nishati ya petroli inayofika kwenye krankishafti ni kati ya robo na theluthi. Nyingine inatoka na moshi, na nyingine, inayokaribiana na ile ya kazi, inaingia kwenye maji. Kila farasi mpya unayemfunga kwenye gari anakuja na ndugu yake wa moto anayekwenda moja kwa moja kwenye radieta. Radieta yangu ilikuwa na umri wa miaka 40 na chokaa ya visima vya mikoa mitano. Kamba hukatikia pabovu. Ukiimarisha radieta, pabovu patakuwa klachi. Ukibadilisha klachi, patakuwa giaboksi, halafu difu. Wanaoifanya kazi hii hadi mwisho, kwa konrodi na pistoni za kufuliwa, kamshafti mpya na hedi iliyopanuliwa njia za hewa, nawaheshimu kwa dhati. Ila wanaunda injini mpya ndani ya ganda la zamani, na bajeti yake ni ya kujenga vyumba viwili na sebule.

Kilichonimaliza ubishi ni historia ya Peugeot wenyewe. Walikuwa na wahandisi, maabara na kila sababu ya kutaka nguvu. Kwa bloku ile ile ya cc 1971, wakiwa wameifungia pampu ya kurushia petroli ya Kugelfischer kutoka Ujerumani, kifaa cha gharama na cha usahihi mkubwa, waliuza 504 yenye farasi wachache tu juu ya 100. Na walipotaka 504 yenye nguvu kweli hawakuikamua tena injini ya silinda nne. Waliweka V6, injini ya silinda sita, ya cc 2664 waliyoiunda pamoja na Renault na Volvo. Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari ya mwaka 1978 na 504 ya injini hiyo. Nilipolijua hilo nilikumbuka simulizi za baba na nikatamani awepo nimweleze.

Sasa turudi Korogwe, kwa sababu bado sijasema jambo lililonigusa kuliko yote.

Mzee alikataa kuifunga tena Weber. Solex ya zamani nilikuwa nayo kwenye buti, imefungwa kwenye gazeti. Aliisafisha, akaifunga, na baada ya siku kadhaa, slivu na pistoni zikiwa mpya na hedi nyingine ya mtumba isiyochongwa ikiwa imekaa, aliniita.

"Ingia ndani, usiwashe. Kanyaga mafuta mpaka mwisho."

"Nimekanyaga."

"Kanyaga, mwanangu."

"Nimefika mwisho, mzee. Pedeli iko sakafuni."

"Basi iache hapo hapo. Weka tofali juu yake, uje uone."

Nikaweka tofali, nikaja. Alikuwa ameshika tochi juu ya mdomo wa kabureta. Kabureta ile ina midomo miwili: wa kwanza unafunguka mapema, wa pili unafuata dereva anapotaka nguvu yote. Mdomo wa kwanza, kile kibamba cha shaba kilikuwa kimesimama karibu wima. Wa pili kilikuwa kimelala, kimefunguka nafasi ya kupitisha kisu. Mzee akaingiza kidole na kukisukuma, kikafunguka kirahisi hadi mwisho. Viungo vya pedeli vilikuwa vimelika, kila kimoja kidogo tu, na vyote kwa pamoja vilikuwa vimekula safari ya pedeli. Miaka yote ile nimepanda Lushoto mguu ukiwa sakafuni, injini ilikuwa haijawahi kuambiwa ifunguke yote.

Hakuishia hapo. Ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, vile vizito viwili vinavyowahisha cheche mizunguko inapopanda vilikuwa vimeganda kwa kutu, kwa hiyo cheche ilikuwa inachelewa kila nilipohitaji nguvu. Feni ya 504 ina klachi ya sumaku ya umeme ili ijizungukie bure mpaka maji yapate moto. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameikaza moja kwa moja, ikawa inalisukuma lile panga saa zote, asubuhi ya baridi na usiku wa mvua, kwa nguvu ya injini. Na kabla hajafungua injini alikuwa amepima mgandamizo: silinda mbili za kwanza zilikuwa na nafuu, ya tatu iko chini kwa balaa langu, na ya nne nayo chini sana. Alipoimwagia hiyo ya nne kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena, haikupanda. Ringi zingekuwa ndizo mbovu, oili ingeziba na sindano ingepanda. Kwa hiyo ni valvu, na kweli valvu ya ekzosi ya silinda ya nne ilikuwa imeungua ukingo tangu kabla ya balaa langu.

"Ulitaka kuongeza farasi," aliniambia akifuta mikono, "wakati hawa wa kwako hujawahesabu."

Sina mashine ya kupimia nguvu, kwa hiyo siwezi kusema gari lilikuwa limebaki na farasi wangapi kabla ya matengenezo yale. Ninachojua ni kwamba hewa peke yake inachukua sehemu yake. Lushoto hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Dar, kwa hiyo hata 504 mpya kabisa ingefika pale juu na farasi 80 na kitu. Hao hakuna fundi wa kuwarudisha bila turbo, na turbo kwenye pistoni na slivu hizi siigusi. Wale wengine, waliokwama kwenye viungo vya pedeli, kutu ya distribyuta, feni na valvu iliyoungua, wote walikuwa wangu halali, nimewalipia na sijawatumia.

Desemba iliyofuata tulipanda tena. Magunia mawili, watoto wale wale, mmoja sasa miguu inagusa kiti cha mbele. Kona ya kabla ya Soni tuliipita kwa gia ya tatu, nikashuka ya pili kwenye ile kali zaidi, na sindano ikasimama katikati. Noah zilitupita bado, mbili. Pale Soni nikaegesha kivulini, nikasikia ile klachi ya feni ikiachia kwa mlio mdogo, tak, nikazima. Nilisubiri injini ipoe kidogo, nikatoa plagi moja moja kwa spana ya baba. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Ya nne ilikuwa na weusi kiasi, petroli imezidi kidogo kwa hewa ya huku juu. Mwanangu akaishika, akaigeuza kwenye mwanga, akaniuliza kwa nini hii haifanani na nyingine. Nikamwambia achuchumae hapa karibu, nikaanza kumweleza.